Natafuta detekta ya kutafutia sarafu za kale kwenye mahame ya babu, Nachingwea. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mjukuu_wa_Nachi

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mgeni kwenye mambo haya kwa hiyo mnivumilie nikiuliza vitu vya kitoto. Iko hivi, kwetu ni Nachingwea, Lindi, huko ndani ndani. Babu na ukoo wake kabla ya Operesheni Vijiji walikuwa wanakaa sehemu ambayo sasa hivi ni pori tu na mikorosho mizee, mwaka 1974 wakahamishwa wakapelekwa barabarani na pale pakabaki mahame mpaka leo. Miembe ipo, minyaa ya uzio ipo, ukitembea unakanyaga vigae vya vyungu, na kuna sehemu mafiga bado yamekaa vilevile matatu.

Shangazi yangu anasema alipokuwa binti, mvua ikinyesha walikuwa wanaokota hela za zamani uwanjani. Yeye mwenyewe ana kopo la maziwa ya unga kaziweka humo, nimeziona. Moja kubwa ya shaba ina tundu katikati na pembe mbili za tembo, imeandikwa East Africa. Nyingine ndogo nyekundu ina taji, imechakaa sana. Ya tatu ya rangi ya njano njano imeandikwa 20 HELLER, upande wa pili 1916 na D.O.A., na chini ya ile ishirini kuna herufi T. Hii T ni Tanganyika au?

Sasa nataka ninunue mashine nikapapitie taratibu likizo ijayo. Bajeti yangu ni kama milioni moja, ikizidi kidogo siyo mbaya. Kuna jamaa wa Chunya anauza Minelab GPX ya mtumba anasema inaona dhahabu mita nzima chini, ila bei yake inabidi niuze pikipiki. Mwingine wa Dar ana ile ya antena mbili za kushika mkononi, anasema inavuta dhahabu umbali wa kilomita, bei poa. Nichukue ipi? Na sheria inasemaje, ardhi si ya kwetu kabisa siku hizi iko chini ya kijiji. Halafu wazee pale wanasema Mjerumani alipokimbia aliacha masanduku, kuna jiwe lina alama ya msalaba. Nawasilisha.

Mzee_wa_Dili

Mkuu hiyo yenye T usimwonyeshe mtu. Kuna mzungu anazitafuta, tunaongea mil 60 mpaka 80 kutegemea kama inavuta mchele. Njoo inbox na picha na namba yako.

Fundi_Koili

Umeanza vizuri kwa kuuliza kabla ya kutoa hela. Nianze na ya antena kwa sababu hiyo ndo itakuumiza: achana nayo. Zile fimbo mbili zinazogeuka zikiona dhahabu kilomita moja hazina chochote ndani, nimewahi kufungua moja nikakuta betri, taa na waya umeishia hewani. Mkono wako ndo unaozigeuza. Hakuna mashine ya mkononi inayoona sarafu kilomita moja, hata mita tatu hakuna.

Sasa twende kwenye mashine za kweli. Kuna aina mbili ambazo utakutana nazo. Ya kwanza wanaita VLF, inatuma mawimbi mfululizo kupitia koili, ile sahani ya chini, na kusikiliza kinachorudi, na kwa jinsi mawimbi yanavyochelewa kurudi inaweza kukuambia hiki ni chuma, hiki ni shaba, hiki ni fedha, ndo maana ina namba au toni tofauti tofauti. Ya pili ni ya mapigo, PI, hiyo GPX ya Chunya iko kundi hili, inapiga umeme mkali kwa kukata kata, inazama zaidi na haisumbuliwi sana na udongo mwekundu, ndo maana wachimba dhahabu wanaipenda. Ila kwa mahame itakutesa, maana haichambui vizuri, ni kama mbwa anayebwekea kila mpita njia. Msumari, kifuniko cha soda, kipande cha jembe, risasi, vyote utachimba nusu mita. Na Nachingwea ninavyoijua ndo usiseme, kule Waingereza walileta ule mradi wa karanga 1947, wakaja na matrekta na mitambo ya jeshi iliyobaki vitani, mpaka reli ikajengwa kutoka Mtwara, mradi ukafa baada ya miaka michache tu na vyuma vikabaki. Wanakijiji wakavibeba wakatengenezea majembe, visu, bawaba, vipande vikasambaa kila mahame ya eneo lile.

Kwa hela yako chukua VLF ya kawaida, Garrett ACE au Nokta Simplex, yoyote kati ya hizo inatosha. Ukipata Simplex ni nzuri zaidi kwa sababu inajisawazisha na udongo, na mashine nzima unaweza kuiingiza kwenye maji, siyo koili tu. Hakikisha una kile kidetekta kidogo cha mkononi cha kuchomeka shimoni, bila hicho utapoteza dakika ishirini kutafuta sarafu iliyokaa kwenye bonge la udongo ulilolishika mwenyewe. Na hedifoni.

Kina usijidanganye. Sarafu ya ukubwa wa shilingi inasikika sentimita 15 mpaka 25, basi. Udongo mkavu ukikauka kama zege inapungua. Nenda baada ya mvua za kwanza, udongo ukiwa na unyevu mashine inasikia mbali zaidi na kuchimba ni rahisi.

Mjukuu_wa_Nachi

Duh fundi asante sana umeniokoa na zile antena, jamaa alikuwa ananipigia kila siku. Mzee wa Dili nimekutumia inbox ila mbona unaanza kuniomba nauli ya kumleta mzungu?

Dada_Kivinje

Mjukuu, kabla hujatuma nauli soma hapa. Hiyo biashara ya rupia inayovuta mchele imefilisi watu wengi sana ukanda wetu huu wa kusini. Mchezo ni uleule: mzungu yupo hotelini, rupia lazima ipimwe, mpimaji anatoka mbali, toa hela ya dawa ya kupimia, toa ya leseni, toa ya ulinzi, mwisho simu haipatikani. Sarafu ya fedha au ya shaba haiwezi kuvuta punje ya mchele, haijalishi ilipigwa na nani. Wanaokuonyesha inavuta wameshachanganya unga wa chuma kwenye mchele na sarafu wameipachika sumaku. Futa namba.

Sasa nikujibu kuhusu kopo la shangazi, maana hilo ndo zuri. Ile ya tundu na pembe za tembo ni senti kumi ya Mwingereza, ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika yote kupitia bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1919. Soma jina la mfalme pembeni utajua miaka, George wa Tano, wa Sita, ipo hata ya Edward wa Nane ya 1936 ambaye hakukaa. Zilikuwa na tundu ili watu wazitunge kwenye kamba, bibi zetu walikuwa wanazifunga kwenye ncha ya kanga. Bei yake ya leo ni ndogo tu, usitegemee.

Ndogo nyekundu yenye taji ni heller moja ya Mjerumani. Kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa heller 100, kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, na zile pesa za kampuni ya Kijerumani za 1890 mpaka 1892 zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine maana biashara ya pwani yote ilikuwa inasomwa kwa Kiarabu. Heller zilipigwa mamilioni, ndo maana zinapatikana kila mahali.

Ya T sasa. T ni Tabora, na D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani. Vita vya kwanza Mjerumani alizungukwa na meli za Mwingereza, hela ikawa haiji kutoka Ulaya, 1916 wakaanza kujipigia wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kwa shaba na shaba nyeupe ya chakavu, hata maganda ya mizinga yaliingia humo. Hiyo ya njano ni mojawapo. Zilipigwa nyingi kwa haraka kwa hiyo siyo ya kukufanya tajiri, ila ina historia kuliko zote kwenye kopo. Hapohapo Tabora walipiga pia ya dhahabu, rupia 15, ina tembo na mlima nyuma yake, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu na hizo ndo zinauzwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo bandia zake zimejaa. Mtu akikuletea ya tembo barabarani kwa laki mbili jua ni ya kiwandani ya juzi.

Na hapo utaona kwa nini mimi siamini masanduku ya Mjerumani. Hebu fikirieni, serikali iliyofika mahali inapiga sarafu kwa maganda ya mizinga, na noti wanazipiga kwa mihuri ya mpira kufika 1917, masanduku ya dhahabu ingeyatoa wapi ya kuzika kila kijiji chenye jiwe lenye alama? Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, Lettow, kamanda wa jeshi la Mjerumani, akateremka kusini na watu wanaokufa njaa na malaria, wapagazi wanabeba risasi na unga. Walichokizika walipopita kwetu ni maiti. Alama za msalaba kwenye mawe nyingi ni za wapima ardhi.

Kibarua_Mstaafu

Shikamooni wote. Mimi nimewahi kufanya kibarua cha kuchimba na wataalamu wa mambo ya kale huko Kilwa miaka hiyo, kazi ya kuchekecha udongo, kwa hiyo upande wa sheria nitasema ninachokijua.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Kitu chochote kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 kinalindwa, ukikiona unatakiwa uripoti serikalini, na huruhusiwi kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni kutoka kwa wenye dhamana ya mambo ya kale, wako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Sasa kijana atasema heller yangu ni ya 1905 hainihusu. Sawa, lakini chini ya ule udongo uliomlaza babu yako kunaweza kuwa na kitu cha miaka mia nne, na huwezi kujua mpaka umeshachimba. Pwani yetu na njia za misafara zimejaa makazi juu ya makazi. Kwa hiyo usifanye kwa siri. Andika barua, mtendaji wa kijiji aisaini, nakala ipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya, uliza kwa maandishi kama unahitaji kibali cha juu. Ukiambiwa unahitaji, unasubiri.

Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa sheria ya 1999, kwa hiyo hata kama mikorosho ni ya ukoo wenu lazima mkutano ujue. Usipofanya hivyo siku ya kwanza tu wataona mtu na mashine masikioni anatembea porini watasema anatafuta madini au anachimba makaburi, na hilo la makaburi ndo kubwa. Mahame yote yana makaburi. Muulize shangazi yako yako upande gani, yawekee alama, na usiende karibu hata mashine ikilia namna gani. Wazee wetu wengine walizikwa na bangili na shanga.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981, pale usithubutu hata kuiwasha.

Na jambo moja linaloniuma. Tulipokuwa tunachimba, kipande cha sarafu kikitokea mzungu na yule mtaalamu wetu Mtanzania walikuwa hawakitoi. Kinapigwa picha pale pale, kinapimwa kina gani, kiko tabaka gani, karibu na kigae cha aina gani, kuna majivu au hakuna. Mimi nilikuwa nashangaa si waitoe tu. Baadaye nikaelewa kwamba sarafu ikishang'olewa na kutiwa mfukoni inabaki kuwa chuma kilichoandikwa, ile habari ya nani aliiangusha na lini imekwisha. Kwa hiyo wewe angalau chukua daftari. Kila kitu unachokitoa andika kimetoka wapi, hatua ngapi kutoka mwembe upi, kina gani. Simu yako ina ramani, weka alama.

Mpemba_wa_Kaskazini

Assalaam alaikum. Mzee Kibarua kasema kweli tupu. Kwetu Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, vidude vidogo vidogo mno vyembamba, pamoja na chache za dhahabu za Misri. Zile zimewafunza watu kuwa Waswahili walikuwa wakijipigia sarafu zao karne ya 11 huko, kwa majina ya watawala wao. Lau zingepatikana na mtu wa mashine usiku, zingeyeyushwa zikawa pete, na leo tungekuwa tunaambiwa pesa tumeletewa na Mreno.

Na za shaba za masultani wa Kilwa zimeokotwa mpaka Australia, askari mmoja aliziona ufukweni visiwa vya Wessel mwaka 1944. Zimefikaje huko Mungu ndiye ajuae.

Huku kwetu mtoto yeyote wa zamani anaijua pesa ya mizani, ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijra. Hizo hata bara zilifika na misafara, basi usishangae ukaipata Nachingwea. Lakini huku Zanzibar mambo ya kale yana idara yake mbali na ya bara, mtu asidhani kibali cha huko kinamfaa huku.

Msee_wa_Voi

Niaje wadau. Hapa Kenya iko tight zaidi, sheria ya makumbusho ya 2006 inasema kitu chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kikiwa ardhini ni mali ya serikali. Kwa hivyo watu wengi hapa hutembea tu na macho. Mimi niko Taita Taveta, hapa Salaita walipigana Februari 1916 na hadi wa leo mvua ikinyesha unaona maganda ya risasi yametokea. Watoto wanauzia watalii.

Nilichotaka kumwambia bro wa Nachingwea ni hichi, hiyo area yako ilipiganwa vita mbaya, Mahiwa Oktoba 1917 si mbali na kwenu. Ukipata ganda tupu hakuna shida. Lakini kitu yoyote yenye umbo la chupa ya chuma, ama yai la chuma, imeshika kutu, USIGUZE. Usigonge na jembe uone kama ni dhahabu. Weka fimbo yenye kitambaa, rudi nyuma, piga simu polisi. Miaka mia imepita na baruti haijui kalenda.

Fundi_Koili

Msee wa Voi umenikumbusha, na siyo vita ya Mjerumani tu. Nachingwea ndo palikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya kijeshi ya FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, kuanzia miaka ya sitini. Kwa hiyo Mjukuu uliza wazee vizuri eneo lenu lilikuwa upande gani wa kambi kabla hujaanza kuchimba chimba.

Mbongo_Leicester

Mimi niko Uingereza na huu mchezo ndo starehe yangu wikendi, nikaona nichangie kidogo jinsi wenzetu wanavyofanya, maana huku haijakatazwa ila imewekewa utaratibu. Kwanza lazima mwenye shamba akubali, na mnaandikiana kabisa mkipata kitu mnagawana vipi, kawaida nusu kwa nusu. Pili yale maeneo yaliyoorodheshwa kama ya kihistoria mashine hairuhusiwi, ni kosa la jinai. Tatu ipo sheria ya hazina ya 1996, ukipata kwa mfano kitu kisicho sarafu cha zaidi ya miaka 300 chenye dhahabu au fedha asilimia kumi na kuendelea, au rundo la sarafu za zamani pamoja, una siku 14 za kuripoti. Makumbusho ikikitaka inakilipa, unagawana na mwenye shamba. Na vitu vidogo visivyo hazina kuna maafisa wa kila mkoa unawapelekea kwa hiari wanaviandika kwenye kumbukumbu ya taifa, ulianza 1997 huo mpango. Ndo maana huku mtu akiokota kitufe cha shati cha karne ya 18 kinajulikana kimetoka shamba gani.

Nikiwa kwenye shamba lenye nyumba iliyobomoka huwa siendi katikati ya nyumba. Ndani ya nyumba ni misumari na bati. Mimi naanzia pale watu walipokuwa wanasimama: mlangoni nje, chini ya mti wa kivuli, njia ya kwenda kisimani, pale walipokuwa wanafungia mnyama. Hela inadondoka mtu akiinama, akikaa, akikimbizana na mtoto, akilewa. Nafikiri kwenu ni hivyo hivyo.

Dada_Kivinje

Mbongo hapo umesema, ila kwa mahame ya kwetu ongeza sehemu mbili. Moja ni jikoni, karibu na mafiga, kwa sababu bibi zetu walikuwa wanazika chungu cha akiba hapo hapo, nani atachimba chini ya moto? Kodi ya nyumba ya Mjerumani ilianza 1898, rupia tatu kwa nyumba, na ukikosa ni viboko na kazi ya lazima, kwa hiyo kila kaya ilikuwa inakusanya kidogo kidogo mwaka mzima na kuficha. Wengine wakakimbia Majimaji, wengine wakafa njaa iliyofuata, chungu kikabaki. Hizo ndo hazina za huku kama zipo, rupia nne tano na heller za mboga, siyo sanduku la Kaiser.

Sehemu ya pili ni pombe ilipokuwa inauzwa. Muulize shangazi nani alikuwa anapika pombe enzi hizo. Kila mahame lilikuwa na mwanamke mmoja wa pombe na uwanja wake una hela kuliko wa jumbe.

Rupia za fedha usitegemee nyingi kwa sababu nyingine tena, mafundi wa pwani walikuwa wanaziyeyusha kutengeneza vikuku na vipini. Mama yangu ana mkufu ambao marehemu bibi alisema ndani yake kuna rupia kumi na kitu.

Mjukuu_wa_Nachi

Jamani nimecheka hapo kwenye pombe. Nimempigia shangazi sasa hivi, anasema aliyekuwa anapika ni bibi mzaa baba, yaani mama yake yeye, na uwanja wenyewe ni ule wenye mwembe uliogawanyika. Amesema pia makaburi yako upande wa mashariki nyuma ya minyaa na ameniambia nikienda bila yeye hatanipa baraka, kwa hiyo tutaenda wote na mjomba. Barua ya mtendaji nitaandika wiki ijayo.

Mzee wa Dili nimemzuia. Alinitumia sauti anasema nina wivu wa maendeleo.

Maswali mawili ya mwisho. Hii mashine nikiipata niiwekeje, nichuje chuma, yaani isilie ikikutana nacho, au nisichuje? Na sarafu zikitoka zimeganda udongo nizisafishe na nini, shangazi anasema ndimu na majivu zinang'aa sana.

Kibarua_Mstaafu

Ndimu HAPANA. Mwambie shangazi kwa heshima zote. Ile rangi ya kijani au ya kahawia iliyokaa juu ya shaba ndo ngozi yake, ukiitoa umeichuna, na mnunuzi yeyote anayejua ataona mikwaruzo papo hapo na thamani inashuka. Loweka kwenye maji safi, ya mvua ni mazuri zaidi, badilisha maji, siku kadhaa, halafu ondoa udongo kwa kijiti cha mti au mswaki laini. Acha ikauke kivulini. Steelwire, mchanga, dawa ya betri, hivyo vyote ni vya kuua. Na usizihifadhi kwenye kopo la bati lenye unyevu, tumia bahasha za karatasi moja moja, juu yake unaandika ile namba ya daftari.

Fundi_Koili

Kuchuja: siku ya kwanza usichuje kabisa, sikiliza kila kitu nusu saa hivi ujue uwanja una takataka kiasi gani. Ukiona msumari kila hatua, hapo chuja chuma lakini kidogo tu, maana sarafu ikikaa karibu na msumari mashine ikichuja sana inazimeza zote mbili. Kwenye uchafu mwingi koili ndogo ni bora kuliko kubwa, inatenganisha. Tembeza koili taratibu, karibu na ardhi kabisa, usiinue mwishoni kama unafyeka majani, na kila mzunguko upite nusu juu ya ule uliotangulia.

Jifunzie nyumbani kwanza. Chukua ile senti kumi ya shangazi, hela ya sasa, msumari, kifuniko cha soda, vifukie uani kwa kina tofauti na weka vijiti, pita juu yake mpaka sikio lijue. Vifuniko vya soda vitakudanganya sana, vina sauti inayokaribia sarafu na toni yake inayumba ukigeuza upande, sarafu ya duara haiyumbi ukiizunguka. Ile ya tundu nayo inalia vizuri kwa sababu ni duara kamili, usiogope.

Ukichimba kata bonge la udongo pande tatu, ligeuze kama mfuniko, toa kitu, rudisha, kanyaga. Ng'ombe wa watu wasivunjike miguu. Misumari na takataka unazozitoa beba kwenye mfuko uondoke nazo, vinginevyo kesho utazichimba tena.

Mjukuu_wa_Nachi

Sawa fundi. Na Simplex naipata wapi isiwe feki, hapa Dar kuna duka nimeona wanauza ila boksi halina lebo.

Fundi_Koili

Boksi halina lebo usichukue. Kabla ya kulipa iwashe hapo hapo dukani, pitisha shilingi mia mbili na msumari mbele ya koili, namba zikiwa zilezile kwa vyote viwili toka nje. Halafu angalia namba ya kiwandani kwenye mashine, ingia tovuti ya Nokta uisajili wakati muuzaji anakuona. Akianza kukuharakisha umeshapata jibu. Ukikwama nitumie picha ya hiyo namba hapa hapa, tutaangalia.